Suti ya Kuzamia Hainunuliwi ya Kukulia

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Mama yangu kule Same alipopata habari aliuliza kama mtu anaweza kustaafu kabla ya kuolewa. Majirani zangu hapa Picha ya Ndege wanauliza mafao nimeyaficha wapi. Mimi ninachoweza kuwaonyesha ni mikono tu. Gundi na ule mpira wa sponji vimeikataa ngozi yangu. Vidole vinapasuka, vinawasha, vinavuja maji, na daktari amesema nikiendelea kuvishika ipo siku nitashindwa hata kufunga vifungo vya blauzi yangu.

Kwa hiyo meza ile ya karakana sasa ni yenu, ninyi mafundi mnaobaki. Sindano zilizopinda, mishumaa ya kulainishia zipu, viango vipana, vyote ni vyenu. Lakini silali vizuri nikifikiria mtakavyoanza kuwavisha watu bila mimi kuchungulia. Maandishi haya nimeyaandika na kuyachana sijui mara ngapi. Kila nikimaliza naona nimesahau kitu ambacho kitamgandisha mtu. Leo nayaacha yalivyo.

Mnajua kazi yenyewe: kuwachagulia wanafunzi suti za kuzamia. Sikusomea popote. Nilikuwa mshonaji wa sare za shule, uwanja huu ukafunguliwa jirani yangu kufundisha watu wa kushuka kwenye matangi na mabwawa, wakaniletea suti imechanika kwapani, nikashona. Wiki iliyofuata wakaleta nyingine. Suti ya kwanza kabisa niliyopewa bure niliikatakata yote vipande vipande sakafuni nione imeungwaje, nikashindwa kuirudisha, nikalia. Video nilizitazama bila sauti kwa sababu kijana anayeeleza alikuwa anaongea Kiingereza cha haraka kama mnadani. Nilifuata mikono yake tu. Hadi leo nina hofu kwamba kuna jambo kubwa alilisema pale na mimi sikulisikia.

Swali la kwanza mtakaloulizwa na kila mtu ni hili: "Dada, nchi hii yote joto, suti ya nini?" Msimjibu kwa maneno. Mwingizeni kwenye tangi la zege na kaptula yake, mwacheni akae. Kwanza atacheka. Baadaye atanyamaza. Baadaye mtaona kidevu kinacheza. Maji hayahitaji kuwa na barafu ili yakuchukulie joto lako, yanahitaji muda tu. Na hapo ni tangi. Chini ya bwawa, au kule nyanda za juu ambako wengi wao wanakwenda kufanya kazi, ni habari nyingine.

Na la pili, ambalo watu hawaliamini: suti ile haikufanyi mkavu. Maji yanaingia. Yanaingia kidogo, mwili unayapasha, suti inayazuia yasitoke, basi unakaa na joto lako mwenyewe. Ikiwa kubwa, yanaingia na kutoka kila ukijigeuza. Ni sawa na kuchemsha maji huku mtu amesimama anaongeza ya baridi kwenye sufuria. Hayatachemka.

Sasa hapo ndipo tunapogombana na malezi yetu. Sisi sote tumenunuliwa nguo za kukulia. Sweta langu la kidato cha kwanza lilikuwa linanifika magotini, na nilipomaliza kidato cha nne bado nakunja mikono. Kwa hiyo mtu akivaa suti inayomkaa sawasawa, anashika mpira wa tumboni kwa vidole viwili, anauvuta, anasema, "Hii inabana, dada. Niongezee kidogo." Anaongezewa nini? Anatarajia kurefuka akiwa majini?

Side, yule wa bodaboda wa kituoni, mtamkuta. Aliokota suti kwenye mitumba sokoni, akawa anaivaa wakati wa kipupwe alfajiri anapowawahisha wafanyakazi wa Dar. "Dada Eli, jaketi hii upepo haugusi!" Kweli, barabarani ilimfaa. Siku moja wanafunzi wakamtania, akaingia nayo kwenye tangi. Ilikuwa saizi ya mtu mwenye mwili mara mbili yake. Alipotaka kutoka hakuweza kupanda ngazi, miguu imejaa kama madumu. Tukamvuta kwa mikono yake, tukamkalisha, tukafungua vifundoni, maji yakabubujika mpaka kwenye viatu vya Mwalimu Mbonde, anayewafundisha kuzama.

"Mbona imekuwa friji?" Side akauliza, meno yanagongana.

"Kwa sababu umevaa tangi ndani ya tangi," Mwalimu akamjibu.

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote. Ndiyo maana lililotokea kwa Mwanaidi liliniuma, kwa sababu nilikuwa nalijua.

Mwanaidi ni binti wa Msimbu, Kisarawe ndani huko, kwa watu wa mihogo na minazi. Amelelewa na bibi yake, Bi Siwatu. Alikuja kwetu akiwa fundi bomba tayari, mikono yenye nguvu, maneno machache, na hijabu yake akaibana vizuri ndani ya kofia ya mpira tangu siku ya kwanza bila kuuliza mtu. Kulikuwa na kazi moja kwenye bwawa la huko nyanda za juu: kukagua na kufunga mabomba chini ya maji. Walitaka mtu mmoja kutoka kwetu. Mwalimu Mbonde alikuwa amemtaja yeye, kwa sharti afaulu jaribio la mwisho.

Jaribio lenyewe tunalifanya Msimbu hukohuko, kwenye shimo la zamani la kokoto lililojaa maji. Juu maji ya kijani, vuguvugu. Ukishuka, kuna mahali unapita kama unatoka jikoni kwenda uani usiku wa Julai. Chini kabisa tumezamisha kipande cha bomba, na mwanafunzi anatakiwa afungue nati zote na kuzifunga tena, Mwalimu yupo pembeni anatazama. Mtu anayetetemeka hawezi kushika spana. Ni hilo tu linalopimwa, kwa kweli.

Siku ya kumvisha, Bi Siwatu alipanda gari na mjukuu wake mpaka Picha ya Ndege. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu, akaketi kwenye benchi, akatazama. Mwanaidi akatoka nyuma ya pazia amevaa saizi yake.

"Hii ndiyo nguo?" Bi Siwatu akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Au nyingine iko njiani?"

Nikaeleza habari ya maji na joto. Akasikiliza kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikatai kazi. Ila mtoto wangu hatapita mbele ya wanaume wa machimboni amechorwa hivi. Mpe yenye nafasi."

Nami nikampa yenye nafasi. Saizi moja juu. Nilijiambia ni moja tu, nilijiambia yeye ana nguvu, nilijiambia sitaki kumkosea mtu mzima. Ninaogopa watu wazima, ninaogopa kukosea, na hofu hizo mbili zikikutana sijui nifuate ipi.

Mnajua kilichotokea. Alishuka, nati ya kwanza akafungua, ya pili akafungua, kisha spana ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena. Mwalimu akavuta kamba, wakapanda. Midomo yake ilikuwa imepauka kama ametafuna chaki. Nilipomfungua zipu mgongoni, maji yaliyotoka yalikuwa ya baridi vilevile kama ya shimoni. Nilitia mkono pale, na nikajua.

Mwalimu Mbonde si mkali wa makelele. Aliniambia pembeni, "Eli, nitamrudisha mara moja. Akitetemeka tena, nafasi ile nampa mwingine. Siwezi kumpeleka mtu kwenye baridi ya kule halafu nisubiri simu."

Basi hapo nikaharibika. Kama mmewahi kuniona nikirudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, nikafika barabarani, nikarudi tena, basi zidisheni hiyo. Nilimpima Mwanaidi shingo, kifua, kiuno, paja, kifundo, nikampima tena, namba zikatofautiana kidogo, nikampima tena. Alikuwa anasimama tu, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

"Dada, nimepungua tangu asubuhi?" akaniuliza.

Wazo langu la kwanza lilikuwa nimpe suti nene kabisa, ya milimita saba. Nene si ndiyo joto? Mwalimu akanizuia. Mpira mnene unaelea. Ukimvisha mtu mwembamba milimita saba, itabidi umfunge vyuma vingi kiunoni ndipo azame, na mikono inakuwa mizito kama imefungwa bendeji. Atachoka kabla hajaganda. Kwa shimo lile tano zinatosha, zikikaa sawa. Andikeni ukutani mkipenda: kukaa sawa kwanza, unene baadaye.

Kwa hiyo nikachukua suti ya milimita tano na nikaibana. Nilipunguza kiunoni, nyuma pale juu ya makalio ambapo maji hupenda kukaa kama kwenye bakuli. Hapo nilifanya vizuri. Nikapunguza makwapa. Vizuri. Kisha nikafika shingoni, na kwa sababu maji mengi huingilia shingoni, nikasema hapa tone halipiti. Nikabana.

Mwanaidi akavaa. Tulimvalisha kwa soksi za nailoni miguuni ili mpira uteleze. Zamani tulitumia rambo, ile mifuko ya plastiki, na zilipopigwa marufuku nilihisi nimefiwa. Akafunga zipu. Akachuchumaa, akainua mikono, akajizungusha. Hakuna mkunjo. Nilikuwa karibu kupiga vigelegele. Kisha nikaona macho yake yanatafuta kitu ambacho hakipo.

"Mwanaidi?"

"Nipo," akasema, lakini akaanza kuketi mahali pasipo na kiti.

Nilivuta zipu mpaka nikakata ukucha. Akalala sakafuni, rangi ikamrudi taratibu. Mwalimu Mbonde alikuja mbio, akatia vidole kwenye ile kola yangu nzuri, akanitazama.

"Shingoni kuna mishipa inayopeleka damu kichwani, Eli. Ukiibana, moyo unadanganyika, unapunguza mwendo. Hapa ameanguka kwenye kapeti. Kule chini angeanguka wapi?"

Nilitoka nje nikazunguka tangi. Jirani yetu, yule mama wa vitumbua, ndiye aliyewahi kupiga kelele asubuhi moja kwamba kuna watu wamejinyonga uani kwetu, kumbe ni suti zimeanikwa. Siku hiyo alinikuta nimesimama katikati ya suti hizo, akaniuliza mbona mimi ndiye nafanana na aliyetundikwa.

Kwa hiyo sikilizeni: shingoni, vidole viwili vipite bila kugombana. Mwambieni ameze mate. Mwambieni aimbe, ahesabu, asome tangazo ukutani. Mwacheni akae nayo huku mnapiga soga naye, msimvue haraka. Wa kwanza kulalamika kwamba inabana ni aibu ya mtu, hiyo inaweza kusubiri. Lakini macho yakilegea, fungua.

Nililegeza kola. Suti ikawa nzuri, naapa ikawa nzuri. Ila bado tulikuwa na Bi Siwatu. Suti ya saizi sahihi ndiyo aliyoikataa tangu mwanzo, na sasa nilikuwa nimeipunguza zaidi. Mwanaidi aliniambia bila kunitazama, "Dada, mimi bila ruhusa ya bibi siivai. Hata kama ni kukosa."

Nikaenda Msimbu. Njia nzima nilikuwa narudia maneno yangu, nikipanga nianze na lipi. Nilimkuta Bi Siwatu anamenya mihogo uani. Nikaamkia, nikaketi, nikachukua kisu nikaanza kumenya pia, akaninyang'anya.

"Na mikono hiyo? Utaniletea damu kwenye chakula."

Maneno yote niliyopanga yakapotea. Nikamwambia jinsi lilivyokuwa. Kwamba siku ile nilijua saizi ile si yake, na nilinyamaza kwa kumwogopa yeye. Kwamba mjukuu wake aliganda kwa sababu hiyo. Kwamba kuna nafasi moja tu iliyobaki. Na kwamba hata tukimvisha kitambaa juu ya suti, kingenasa kwenye nati za bomba kikamshikilia chini.

Aliendelea kumenya. Mhogo mmoja, mwingine.

"Chini kule kuna nani?" akauliza.

"Mwalimu tu, bibi. Na maji yenyewe ni ya tope, Mwalimu anaona mikono na spana."

"Juu je?"

"Juu wapo wale vijana wa kokoto. Huja kutazama."

"Basi tatizo si nguo. Tatizo ni kutoka kwenye gari mpaka majini." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ulikuwa unanijibu habari za maji. Mimi nilikuuliza habari za njia. Kwenu mwali akitolewa ndani kwenda kuogeshwa, mnamtoaje?"

Nikasema kwetu sisi ni Wapare, na mimi nimekulia dukani kwa mjomba, sijui.

"Hujui," akasema, kama anayemhurumia mtu. "Hapa tunamtoa kwa kanga."

Siku ya jaribio walikuja wanawake wa kutosha kuzunguka gari. Shangazi, majirani, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Mwanaidi alipofungua mlango, kanga zilikuwa zimeshainuliwa, zimeshikwa pembe kwa pembe, chumba kizima cha nguo kinachotembea. Vijana wa kokoto walikuwa wamejipanga juu ya kifusi kama kawaida yao.

"Eee, leo kuna harusi?" mmoja akapiga kelele.

"Ipo, na mama yako ndiye mpishi, nenda ukamsaidie!" shangazi mmoja akamrudishia, na wenzake wakamcheka yule kijana mpaka akashuka kwenye kifusi.

Chumba kile kikashuka mpaka ukingoni. Wanawake wakaingia majini na nguo zao, mpaka magotini, mpaka kiunoni. Mwanaidi akazama katikati yao, Mwalimu akiwa ametangulia chini. Waliposhusha kanga hapakuwa na mtu, mapovu tu.

Basi nikaanza kutembea. Ukingo wa shimo lile naujua jiwe kwa jiwe. Nilifikiria makwapa. Nilifikiria mshono wa goti la kushoto, ambao niliurudia. Nilifikiria kola, kama nimelegeza kupita kiasi, kama maji yanamwingia sasa hivi kwenye uti wa mgongo. Kamba ilikuwa imetulia. Nikamuuliza anayeishika kama imecheza, akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akaniambia, "Dada Eli, nikikujibu mara ya tatu nitaivuta mimi mwenyewe."

Bi Siwatu alikuwa ameketi juu ya jiwe, gauni limelowa mpaka kiunoni. Nilipompita mara kadhaa akanishika sketi. "Kaa. Unamchosha hata aliye chini."

Nikakaa. Sikumbuki muda. Nakumbuka kamba ikivutwa, na mimi kusimama, na wanawake kuingia majini upya na kanga zao kabla mtu hajawaambia.

Mwalimu Mbonde alitoka kwanza, akaenda pembeni kwa heshima, akageuka akatazama miti. Spana ilikuwa mkononi mwake. Uso wake hausomeki, mnamjua. Nikapenya ndani ya kanga. Mwanaidi alikuwa amesimama, anahema, midomo yake ina rangi ya midomo. Lakini mtu anaweza kujikaza. Nimewaona wakijikaza.

Nikaingiza mkono nyuma ya kola yake, na hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimevaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, kwa amri mpya ya daktari, na chini yake bandeji. Sikuhisi kitu. Si baridi wala joto. Kazi yote ile, na jibu lake lilikuwa linapita kwenye vidole vyangu nami nisilijue. Nilitaka kuvua glavu kwa meno.

"Bibi," nikasema, "tafadhali. Tia mkono wako hapa mgongoni."

Bi Siwatu akanitazama, akamtazama mjukuu. Akatia mkono ndani ya ule mpira alioukataa, karibu mpaka kwenye kiwiko. Wanawake wote wakasogea, kanga juu.

"Maji yana joto," akasema. "Kama ya kumwogesha mtoto mchanga."

"Bibi, usitie mkono sana," Mwanaidi akasema kwa sauti ndogo. "Nilibanwa na haja ndogo kule chini."

Sijawahi kusikia wanawake wakicheka namna ile. Kanga moja ikaanguka majini. Bi Siwatu hakuutoa mkono wake. Aliuacha palepale, akacheka kwa machozi, akasema kwamba amemwogesha na kumbeba mtoto huyu miaka yote, hilo si jipya.

Nje ya kanga, Mwalimu Mbonde akauliza huku bado anatazama miti, "Nati zote zimefungwa. Nani anataka kujua?"

Mwanaidi yuko kazini nyanda za juu sasa. Suti aliondoka nayo. Alinipigia akasema asubuhi kuna ukungu na watu wa kule wanamwita Mzaramo wa barafu.

Mimi niko nyumbani na mikono yangu. Bado naamka nikiwaza kama mmezigeuza suti ndani nje mkazianika kivulini, au mmezilaza juani zikakakamaa. Bado naogopa sikuandika yote. Lakini hili mlishike hata mkisahau mengine: mtu akitoka majini, msimuulize kama amesikia baridi. Atasema hapana, kwa sababu anataka kazi. Tieni mkono mgongoni. Na mkiwa na mikono kama yangu, msijifanye mnahisi. Mwiteni anayempenda, atie wake.